Kujaza upya risasi

Kujaza upya risasi ni kazi ya kuunda risasi ya bunduki kwa mkono kwa kutumia ganda ambalo limekwisha kupigwa. Ganda hilo husafishwa, hurudishiwa umbo lake, kisha hutiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Wanaofanya kazi hiyo ni hasa wawindaji na wanamichezo wa kulenga shabaha katika nchi ambako sheria inaruhusu, kwa mfano Marekani, Ujerumani na Afrika Kusini.

Nchini Tanzania utengenezaji wa risasi unasimamiwa na sheria, na kuufanya nyumbani bila kibali ni kosa la jinai. Hata hivyo nchi hiyo ina nafasi ya pekee katika historia ya jambo hili. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, risasi nyingi mno zilizoopolewa baharini karibu na Tanga zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa na kuunganishwa upya kwa mikono ili vita viweze kuendelea.

Jina

Neno "risasi" lina asili ya Kiarabu, ambako linamaanisha metali nzito na laini inayoitwa pia plumbi. Katika Kiswahili maana zote mbili zimebaki: risasi ni metali, tena ni kitu kinachotoka katika bunduki, kwa sababu tangu zamani vichwa vya risasi vilimiminwa kwa metali hiyo.

Katika mazungumzo ya kila siku "risasi" ni kitu kizima kinachopakiwa katika bunduki, na pia ni kipande kinachoruka na kumpata mtu au mnyama. Katika makala hii kitu kizima kinaitwa risasi, na kipande kinachoruka kinaitwa kichwa cha risasi.

Sehemu za risasi

Risasi ya kisasa ina sehemu nne:

- Ganda: kikopo kirefu kinachoshika sehemu nyingine zote. Kwa kawaida limetengenezwa kwa aloi yenye shaba takriban asilimia 70 na zinki asilimia 30.
- Fataki: kikombe kidogo cha metali kilichopachikwa katika kitako cha ganda. Ndani yake kuna kemikali inayowaka inapogongwa.
- Baruti: chembe zinazoungua haraka na kutoa gesi nyingi.
- Kichwa: kipande kilichobanwa kwenye mdomo wa ganda. Mara nyingi ni plumbi iliyovikwa koti jembamba la shaba.

Mpigaji akivuta triga, pini ya bunduki hugonga fataki. Moto wa fataki hupita katika tundu dogo na kuwasha baruti. Gesi inayozaliwa husukuma kichwa nje kupitia mtutu. Yote haya hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Shinikizo ndani ya bunduki kubwa za kisasa linaweza kufikia megapaskali 400 hivi. Hilo ni karibu mara 2,000 ya shinikizo la hewa katika tairi la gari dogo. Ganda hutanuka na kubana kuta za chemba ili gesi isirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Baadaye hunywea kidogo, na hivyo linaweza kutolewa. Uwezo huo wa kutanuka na kunywea bila kupasuka ndio unaowezesha ganda kutumika tena. Lakini kila mara linapopigwa metali yake inachoka, na mwishowe hupata ufa.

Risasi zinazoweza kujazwa upya

Si kila ganda linafaa. Katika risasi ndogo za .22, kemikali ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako. Ukingo huo ukishagongwa na pini hauwezi kurudishwa hali yake, kwa hiyo ganda hutupwa.

Risasi zenye fataki katikati ya kitako zimegawanyika katika mifumo miwili iliyobuniwa katika miaka ya 1860. Mfumo wa Edward Boxer, mwanajeshi wa Uingereza, una tundu moja katikati ya ganda, na fataki iliyokwisha kutumika husukumwa nje kwa sindano ya chuma. Mfumo wa Hiram Berdan wa Marekani kwa kawaida una matundu mawili madogo pembeni, kwa hiyo sindano ya katikati haifai na fataki ni vigumu kuitoa. Historia iligeuza mambo: mfumo wa Mwingereza ndio ulioenea Marekani, na ule wa Mmarekani ulitumika sana katika majeshi ya Ulaya na Asia.

Jambo hilo lina maana katika Afrika ya Mashariki. Risasi nyingi za bunduki za aina ya AK-47 zina maganda ya chuma na fataki za Berdan. Maganda hayo hayakukusudiwa kutumika mara ya pili. Chuma hakinyumbuliki kama aloi ya shaba, na ndani ya hewa ya pwani hupata kutu upesi.

Sababu za kujaza upya

Sababu ya kwanza ni gharama. Ganda ndilo sehemu inayodumu, kwa hiyo anayelitumia tena hupunguza bei ya kila risasi, hasa kama bunduki yake ni ya kipimo kisichopatikana kwa urahisi madukani.

Sababu ya pili ni usahihi. Kila bunduki ina tabia yake. Mlenga shabaha hutafuta aina ya kichwa na kiasi cha baruti kinachopatana na mtutu wake.

Sababu ya tatu ni imani ya mtu kwa risasi yake, hasa katika uwindaji wa wanyama wakubwa. Mfano unaojulikana ni risasi ya .458 Winchester Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1956 na kupendwa na wawindaji wa nyati na tembo Afrika. Ganda lake ni fupi, kwa hiyo baruti ilibidi kushindiliwa sana ndani yake. Baadaye wawindaji waliripoti kwamba baruti hiyo iligandamana kuwa bonge, nguvu ikapungua. Kwa mtu anayesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa, upungufu huo ni suala la uhai. Baadhi ya wawindaji walianza kujaza risasi zao wenyewe kwa sababu hiyo, na nyingine zenye ganda refu zaidi, kama .458 Lott, zilibuniwa.

Vifaa

Anayeanza kazi hii katika nchi inayoruhusu huhitaji vifaa vichache vya msingi:

- presi, yaani mashine ya mkono yenye mpini mrefu, iliyofungwa kwa skrubu juu ya meza imara;
- kalibu za chuma kigumu zinazolingana kabisa na aina ya risasi inayotengenezwa;
- mizani ndogo yenye usahihi mkubwa. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065;
- kipimo cha kalipa kwa ajili ya urefu wa ganda na wa risasi nzima;
- kifaa cha kukata mdomo wa ganda lililorefuka;
- kitabu cha majedwali kinachotolewa na watengenezaji wa baruti au wa vichwa;
- miwani ya kukinga macho.

Kitabu cha majedwali ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Kinaonyesha kwa kila kichwa na kila aina ya baruti kiasi cha kuanzia na kiasi ambacho hakipaswi kupitwa. Takwimu hizo zimepatikana kwa kupima shinikizo katika maabara. Haziwezi kukisiwa kwa jicho wala kuhamishwa kutoka baruti moja kwenda nyingine, hata kama chembe zake zinafanana kwa rangi na ukubwa.

Hatua za kazi

1. Ukaguzi. Maganda hupangwa kwa aina na kutazamwa moja moja. Lenye ufa, kutu, au mstari unaong'aa karibu na kitako huondolewa, kwa sababu mstari huo ni dalili kwamba ganda linakaribia kukatika.
2. Usafishaji. Maganda huzungushwa katika chombo pamoja na mabunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi, mpaka masizi yatoke.
3. Kurudisha umbo. Ganda hupakwa mafuta kidogo, kisha husukumwa kwa presi ndani ya kalibu. Kalibu hulibana lirudi kipimo chake, na sindano iliyo katikati husukuma nje fataki ya zamani.
4. Kupima na kukata. Ganda hurefuka kila linapopigwa. Likizidi kipimo, mdomo wake unaweza kubana kichwa na kupandisha shinikizo, kwa hiyo hukatwa.
5. Kupachika fataki. Fataki mpya husukumwa taratibu mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kitako. Ikijitokeza nje inaweza kugongwa kabla ya wakati.
6. Kutia baruti. Kiasi hupimwa kwa mizani na kumiminwa kwa faneli. Kisha maganda yote huangaliwa kwa tochi ili kuhakikisha kwamba yamejaa kwa usawa.
7. Kupachika kichwa. Kichwa husukumwa kwenye mdomo wa ganda mpaka urefu wa risasi nzima ulingane na jedwali.
8. Kumbukumbu. Kila kisanduku huandikwa aina ya ganda, fataki, baruti na kichwa, kiasi kilichotiwa na tarehe. Risasi isiyo na maandishi hayo haiaminiki tena hata kwa aliyeitengeneza.

Wanaofundisha kazi hii husisitiza kanuni chache: aina moja tu ya baruti iwe mezani, kazi isichanganywe na mazungumzo au runinga, na anayeanza aanzie kiasi cha chini cha jedwali.

Hatari

Kosa linaloogopwa zaidi ni kutia baruti mara mbili katika ganda moja. Shinikizo linaweza kupasua chemba na kutupa vipande vya chuma usoni na mikononi mwa mpigaji.

Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kusahau baruti kabisa. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikakwama humo. Mpigaji husikia mlio hafifu tu. Akipiga risasi ya pili bila kukagua mtutu, bunduki inaweza kupasuka.

Fataki nazo zinaweza kulipuka kwa pamoja zikipondwa au zikipata joto. Baruti isiyo na moshi kwa kawaida huungua kwa kasi ikiwa wazi, lakini ikiwa ndani ya chombo kilichofungwa imara inaweza kulipuka. Plumbi ni sumu: vumbi lake na mabaki ya fataki huingia mwilini kwa kupumua au kwa mikono isiyonawiwa, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi.

Baruti pia huzeeka. Baruti isiyo na moshi ina kemikali za kuizuia isioze, lakini kemikali hizo huisha polepole, na joto huharakisha jambo hilo. Mahali pakavu na baridi, baruti hudumu kwa miaka mingi. Chini ya bati lililochomwa na jua hudumu kwa muda mfupi zaidi.

Historia

Gobori na baruti

Kabla ya kubuniwa kwa risasi yenye ganda, kila mpigaji alikuwa mjazaji. Bunduki ya aina ya gobori hujazwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti hutangulia, kisha hufuata kitambaa au nyuzi, halafu kichwa au vipande vya metali, na vyote hushindiliwa kwa ufito.

Katika karne ya 19 bunduki za aina hiyo na mapipa madogo ya baruti vilifika Zanzibar kwa wingi kwa meli za Marekani na Ulaya, pamoja na nguo za merikani. Kutoka pwani zilipelekwa na misafara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baruti ilikuwa bidhaa ya biashara na silaha ya watawala. Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipovamiwa na Wajerumani mwezi Januari 1893, alilipua ghala lake la baruti akiwa humo.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia biashara ya bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 Kaskazini hadi 22 Kusini. Magobori na baruti nyeusi ya kawaida havikupigwa marufuku kabisa, bali viliwekwa chini ya usimamizi wa serikali za kikoloni. Ndiyo sababu mojawapo ya magobori kubaki mikononi mwa wanavijiji kwa muda mrefu, wakati bunduki za risasi zenye maganda zilikuwa za serikali na walowezi.

Risasi za meli ya Rubens

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani lilikuwa limetengwa na Ulaya kwa kuzuiwa na manowari za Uingereza. Sehemu kubwa ya askari wake walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871. Zilitumia baruti nyeusi, na kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo.

Ushindi wa Wajerumani katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914 uliwapatia bunduki za kisasa na risasi laki kadhaa zilizoachwa na Waingereza. Lakini katika mapigano ya Jasini mwezi Januari 1915 walitumia risasi takriban 200,000 kwa siku mbili. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana mara tatu tu vita vya namna hiyo.

Wakati huohuo Ujerumani ilikuwa imetuma meli ya msaada. Ilikuwa meli ya Kiingereza iitwayo Rubens, iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Ilibadilishwa jina kuwa Kronborg, ikajifanya meli ya Denmark, na kuondoka Ujerumani mwezi Februari 1915 chini ya kapteni Carl Christiansen. Ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya mto Rufiji, pamoja na bunduki takriban 1,800 na mamilioni ya risasi.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli hiyo iligunduliwa na manowari ya Uingereza HMS Hyacinth. Ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini kwa Tanga. Christiansen aliizamisha mwenyewe katika maji yasiyo ya kina kirefu, na mbao zilizokuwa sitahani zikateketea. Waingereza walipiga mizinga, waliona moto mkubwa, wakaondoka wakiamini kwamba shehena yote imeharibika.

Baada ya hapo wapiga mbizi waliopoa sehemu kubwa ya mizigo. Bunduki zilisafishwa bila shida kubwa. Risasi hazikuwa hivyo. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kati ya kichwa na ganda, na kadiri siku zilivyopita fataki na baruti ziliendelea kuharibika. Risasi iliyoonekana nzima kwa nje ilikataa kulipuka.

Njia iliyobaki ilikuwa kufungua kila risasi. Kichwa kiling'olewa, baruti ikamwagwa na kusafishwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa na nyingine zilizopatikana ndani ya koloni, hata kama hazikuwa za aina ileile. Kisha risasi iliunganishwa tena. Kwa miezi kadhaa, kuanzia asubuhi mpaka usiku, askari, Wazungu na wenyeji waliowekwa kwenye kazi hiyo walirudia vitendo hivyohivyo.

Matokeo yake yanaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Risasi ambazo hazikupata maji zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Kati ya zile zilizotengenezwa upya, mafungu yaliyokuwa na risasi mbovu takriban asilimia 20 yalihesabiwa kuwa yanafaa kwa vita. Yaliyokuwa mabaya zaidi yalitumika kwa mazoezi. Magazini ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ilichukua risasi tano. Kwa hiyo askari aliyekwenda vitani alitazamia kwamba kwa wastani risasi moja katika kila magazini ingekataa.

Mwezi Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi karibu na Lindi. Safari hiyo mizigo ilikuwa imefungwa katika vifurushi vya uzito wa kubebwa na mpagazi mmoja. Baadaye Wajerumani waliendelea kwa silaha walizoteka, kama walivyofanya kwa Wareno huko Ngomano mwezi Novemba 1917. Walisalimu amri huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Vita hivyo vilivyorefushwa kwa risasi zilizounganishwa upya viliwaua wapagazi wengi kuliko wapiganaji, hasa kwa njaa, uchovu na maradhi. Jina la mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam linatokana na kambi ya wapagazi hao, walioitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps".

Viwanda vya Afrika ya Mashariki

Baada ya uhuru nchi za Afrika ya Mashariki zilianzisha viwanda vya risasi chini ya serikali. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro, lililoundwa mwaka 1974 na lililo chini ya wizara ya ulinzi. Kenya ina kiwanda cha risasi mjini Eldoret, na Uganda ina kile cha Luwero Industries huko Nakasongola.

Sheria

Nchini Tanzania silaha za kiraia zinasimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mmiliki wa bunduki anahitaji leseni inayotolewa kupitia Jeshi la Polisi, na hununua risasi kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Baruti na vilipuzi vina sheria yake, Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, ambayo hujulikana hasa na wachimbaji wa madini.

Tanzania pia ni mojawapo ya nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hiyo inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzuia utengenezaji na biashara haramu ya silaha ndogondogo. Magobori yaliyotengenezwa na wahunzi wa vijijini hutumika katika ujangili, na kwa nyakati mbalimbali serikali imetoa vipindi vya msamaha ili watu wasalimishe kwa hiari silaha wasizo na leseni nazo.

Nchi zinazoruhusu kujaza upya zina masharti tofauti. Ujerumani humtaka mjazaji apate mafunzo, afaulu mtihani na apewe kibali chini ya sheria ya vilipuzi. Afrika Kusini humruhusu mwenye leseni kujaza risasi za bunduki yake mwenyewe, na huweka kikomo cha idadi ya fataki anazoweza kuwa nazo. Uingereza humtaka anayenunua fataki aonyeshe cheti cha silaha au sababu nyingine inayokubalika. Marekani ina masharti machache zaidi, na vifaa huuzwa madukani.

Usalama katika maeneo ya makazi

Tofauti hizo za sheria zinahusiana pia na namna watu wanavyoishi. Mjazaji wa Marekani mara nyingi hufanya kazi katika gereji iliyotengwa na nyumba. Katika mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni jijini Dar es Salaam, vyumba vya wapangaji vimeshikana, jiko la mkaa huwashwa kibarazani, na watoto wa nyumba kadhaa hucheza katika uwanja mmoja. Kopo la baruti chini ya kitanda cha mpangaji mmoja ni hatari kwa nyumba nzima na kwa majirani. Joto la mchana hupita sentigredi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, vitu vilevile vilivyoharibu risasi za Rubens.

Wakazi wa jiji hilo wanafahamu madhara ya risasi na mabomu yakilipuka karibu na makazi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Jeshi la Wananchi lililipuka Mbagala, wilayani Temeke, na tarehe 16 Februari 2011 milipuko mingine ilitokea Gongo la Mboto, wilayani Ilala. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walifariki na maelfu walikimbia nyumba zao. Hayo yalikuwa maghala ya kijeshi, si karakana za nyumbani. Lakini yanaeleza kwa nini uhifadhi wa baruti hauchukuliwi kuwa jambo la mtu binafsi.

Hatari iliyo karibu zaidi na raia wa kawaida ni risasi iliyookotwa. Wakusanyaji wa vyuma chakavu wakati mwingine hukutana na maganda ya risasi, na miongoni mwake inaweza kuwemo risasi ambayo haijapigwa. Ganda lililopigwa huwa tupu mdomoni na fataki yake ina alama ya kugongwa. Risasi yenye kichwa, hata ikiwa na alama hiyo, inaweza kuwa bado hai, kwa kuwa huenda ilikataa tu. Haifai kuigonga, kuichoma moto, kuipasua wala kuiuza. Anayeikuta anashauriwa kuiacha ilipo, kuwazuia watoto wasiikaribie, na kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kituo cha polisi. Namba ya dharura ya polisi nchini Tanzania ni 112.

Tazama pia

- Baruti
- Bunduki
- Gobori
- Mapigano ya Tanga
- Paul von Lettow-Vorbeck
- Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia